Mke wa Kwenye Fomu

Kavata alikuwa ameinamia cherehani, sindano ikipita kwenye pindo la sketi ya shule, aliposikia kitu kikisugua lango la mabati. Alidhani ni mbuzi wa jirani anajikuna. Lakini mbuzi hajikuni kwa mpango namna hiyo, juu chini, juu chini, kama mtu anayepaka rangi. Akatoka nje na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mwanamume mwenye koti la kijivu alikuwa amekwisha kubandika karatasi kubwa ya manjano, sasa anailainisha kwa kiganja. Miguuni pake palikuwa na ndoo ya gundi na brashi. Alimsalimu kwa adabu, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Habari ya mchana, mama. Hapa ni kwa Nzau Kiteme?"

"Ni hapa. Unabandika nini kwa geti yangu?"

"Soma tu, mama. Mimi ni wa kutumwa." Akaipiga ile karatasi picha tatu kwa simu, akachukua ndoo yake, akapanda pikipiki na kwenda zake.

Tangazo lilikuwa la Kiingereza, na Kavata alilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mnada wa hadhara. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne katika mji wa Kibwezi, pamoja na ploti ya nusu ekari. Tangi la maji la lita elfu kumi. Alhamisi tarehe ishirini na saba, saa tano asubuhi, nje ya ofisi ya chifu. Mara ya kwanza alidhani mtu amekosea lango. Kilichomgutusha ni tangi. Lile tangi alilinunua mwenyewe, kwa sare za shule mbili, muhula mzima akishona mpaka vidole vinavimba.

Alhamisi tarehe ishirini na saba. Leo ilikuwa Jumanne ya tarehe kumi na moja.

Alijaribu kulibandua. Gundi ilikuwa mbichi lakini kali, ikampa kona moja tu ndogo. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka sokoni walipunguza mwendo, mmoja akaanza kusoma huku midomo ikicheza. Kavata akageuka akaliegemea lango kwa mgongo, akatabasamu, akawauliza nyanya leo ni bei gani. Walipopita, alikimbia ndani akaleta leso, akaitundika langoni juu ya karatasi kama nguo iliyoanikwa. Gundi ilikuwa imemshika mgongoni, na gauni lilipobanduka lilitoa sauti kama ya plasta inayotolewa kwenye kidonda.

Mumewe aliporudi alasiri, aliiona leso kabla hajaizima pikipiki. Hakuuliza. Aliketi chini pale pale kwenye kokoto, mtu mzima wa miaka hamsini na nne, fundi wa pampu anayejulikana kuanzia Makindu hadi Mtito, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Baba Syombua," Kavata alisema, "ulichukua pesa ngapi?"

"Milioni moja na laki nane."

"Ukaweka nyumba?"

"Nikaweka taito ya ploti."

"Na ulisema pampu ni ya ushirika. Ulisema mmechanga watu kumi."

"Nilisema." Nzau aliitazama kofia. "Nilikuwa nitalipa kabla ujue, Mama Syombua. Msimu wa kwanza tikiti zilitoka vizuri, uliziona. Nilikuwa nalipa kila mwezi. Halafu mto ukaja."

Kuhusu mto hakukuwa na haja ya kueleza. Mvua ya mwaka uliopita iliuleta ukiwa mwekundu na mpana, ukabeba pampu, mipira ya maji, vitalu vya tikiti na hata kibanda cha mlinzi. Walichokiokota wiki iliyofuata ni mkebe mmoja wa mbegu, umekwama kwenye miiba.

Barua zilikuwa zimekuja tatu. Ya kwanza ilimpa miezi mitatu alipe. Ya pili ilimpa siku arobaini. Ya tatu ilitoka kwa dalali mwenyewe. Zote Nzau alizificha chini ya kiti cha pikipiki, akizibeba kila alikokwenda, na sasa alizitoa zikiwa na madoa ya oili.

"Na mimi?" Kavata aliuliza. "Waliwezaje kuchukua nyumba ninayolala bila kuniuliza? Hata kama ploti ni ya mume, mke huulizwa. Hata mimi nisiyejua sheria najua hivyo."

"Muthama alisema hiyo atapanga."

"Atapanga vipi?"

Nzau alianza kufuta madoa ya oili kwenye barua kwa kidole gumba. Kavata alikitazama kile kidole. Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa miaka ishirini na tisa na alizijua njia zake zote za kukwepa swali. Hii hakuijua.

*

Muthama walisali naye kanisa moja. Hakuwa mtu wa benki wala wa kampuni ya mikopo. Alikuwa mtu wa katikati. Ukitaka pesa na hujui pa kuanzia, yeye alijua ofisi ipi ya Nairobi, fomu ipi, mthamini yupi wa kuja kupima nyumba. Kwa Nzau alikata laki moja na themanini kabla pesa hazijafika mfukoni.

Ofisi yake, Kavata alikokwenda kesho yake, ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na mteja. Ukutani kulikuwa na kalenda, na picha ya Muthama akimsalimu mtu mwenye suti. Leseni haikuwapo. Kavata hakuwahi kuwaza kwamba mtu wa kazi ile angepaswa kuonyesha leseni mpaka siku hiyo, alipokuwa akitafuta ukutani kitu chochote cha kumwambia anaweza kumwamini.

"Dada Kavata! Bwana asifiwe."

"Asifiwe milele."

"Keti, keti. Nimesikia hiyo maneno na nimeiombea tangu jana." Muthama alifungua droo, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Mungu si Athumani. Nimeongea na watu wa Nairobi, wamekubali kupanga loni upya. Mnada utasimama. Weka sahihi hapa, na hapa, halafu kidole hapa chini. Mzee atafute elfu sitini ya kusukuma faili."

Akamsogezea kalamu na kisanduku cha wino wa zambarau. Kavata aliishika kalamu. Moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha, na hilo ndilo lililomtia hofu baadaye kila alipokumbuka: jinsi alivyokuwa tayari. Alikuwa amekwisha kuandika herufi ya kwanza hewani. Kilichomzuia ni mazoea ya kazi tu, kwa maana fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima mara mbili.

"Tarehe imeandikwa tayari," alisema.

"Ni utaratibu wa ofisi."

"Ni ya mwaka juzi. Mwezi wa nane."

"Dada, hizo ni mambo ya karatasi."

"Mwaka juzi mwezi wa nane mimi sikuwa Kibwezi. Nilikuwa kwetu Zombe, namuuguza mama. Sikurudi mpaka tumzike."

"Ndiyo sababu unasaini sasa," Muthama alisema, akacheka, halafu kicheko kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri.

Kavata aliiweka kalamu chini. Alinyoosha mkono achukue zile karatasi akazisome nyumbani, lakini kiganja cha Muthama kilikuwa kimetangulia, kimezilalia. Walitazamana hivyo, mikono miwili juu ya meza moja.

"Ukitoka kwa huo mlango bila sahihi, siwezi kuwasaidia tena," Muthama alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya kanisani, laini. "Na usifikirie ni nyumba peke yake itaenda. Kuna watu wataenda ndani."

"Watu gani?"

"Muulize mzee wako."

Aliteremka ngazi akishika ukuta. Kule chini mwuza duka alimwuliza kama anataka dawa ya kuku, naye akasema ndiyo, akalipa shilingi themanini kwa pakiti ambayo hakuihitaji, kwa kuwa alishindwa kutamka neno hapana.

*

Mwalimu mmoja aliyemshonea sare ndiye aliyemwelekeza mjini Wote, makao ya kaunti ya Makueni, kwa wakili wa msaada wa sheria. Wakili mwenyewe alikuwa binti mdogo kuliko alivyotarajia, Naila, mzaliwa wa Mwingi, mwenye hijabu ya bluu na viatu vya raba chini ya meza. Jumanne ya wiki iliyofuata alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Akamwambia arudi Ijumaa, yeye atakuwa ameipata faili ya ile dhamana kutoka ofisi ya ardhi.

Ijumaa Kavata alikuta nakala zimepangwa mezani. Naila hakuanza na maneno. Alisukuma karatasi moja mbele yake.

"Huyu ni nani, mama?"

Ilikuwa hati ya kiapo ya kukubali mume aweke nyumba ya ndoa rehani. Jina lilikuwa Kavata. Nambari ya kitambulisho ilikuwa yake, tarakimu kwa tarakimu. Juu kulikuwa na picha ya pasipoti ya mwanamke aliyefunga kitambaa cha maua, mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, akitazama kamera kama mtu aliyeambiwa asipepese. Hakuwahi kumwona maishani.

Kavata aliangalia picha ile muda mrefu. Kwanza aliwaza kile ambacho mwanamke yeyote angewaza. Halafu likaja jambo lililotisha zaidi: kwamba mahali fulani, mbele ya watu wenye mihuri, yeye alikuwa ameketi, amesaini, ameondoka, na hakuwapo.

"Nambari ni yangu," alisema. "Uso si wangu."

"Basi sheria iko na wewe." Naila aliongea polepole. "Ndiyo maana Muthama alitaka usaini kwa tarehe ya zamani, afunike huu uso. Sheria ya ardhi inasema nyumba ambamo mume na mke wanaishi haiwekwi rehani bila huyo mwingine kukubali. Bila kibali chako, hiyo dhamana haina miguu. Tunaenda mbele ya jaji hapa Makueni, tunaomba azuie mnada. Lakini lazima iwe kabla ya Alhamisi. Nyundo ikishagonga, kuirudisha nyumba inakuwa vita kubwa, na mara nyingi mtu anaambiwa adai fidia tu."

"Andika. Nitasaini hata saa hii."

"Ngoja, mama." Naila aligeuza ukurasa. "Kiapo hakikatwi nusu. Ukisema hukusaini, jaji atauliza ni nani alimleta huyu mwanamke. Na hapa kuna sahihi ya mzee. Amesema mbele ya wakili kwamba huyu ndiye mke wake."

"Na kusema hivyo ni nini?"

"Ni kosa la jinai. Siwezi kukuficha. Anaweza kushtakiwa."

Nje, karani alikuwa akiita majina ya watu kwa sauti ya kuchoka. Kavata alisikia kila jina kama ni lake.

"Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, Alhamisi nyumba inauzwa."

*

Alimwekea Nzau nakala ya ile picha mezani, mahali pa sahani. Nzau aliitazama, kisha akafunika uso.

"Anaitwa Nzisa," alisema ndani ya viganja. "Anauza mayai Malili, pale kwa barabara kubwa. Sikuwa nimemwona kabla ya siku hiyo na sijamwona tena. Muthama alimleta na gari. Tuliingia kwa wakili, akauliza, 'Huyu ndiye mke wako?' Nikasema ndiyo. Ni neno moja tu nilisema."

"Nambari ya kitambulisho changu aliitoa wapi?"

"Nilimpa."

"Kwa nini hukuniuliza mimi, Baba Syombua? Simu ilikuwa inashika Zombe. Ulikuwa unanipigia kila jioni kuuliza hali ya mama."

Nzau alishusha mikono. "Kwa sababu ungekataa."

Hapo Kavata aliketi. Ni kweli angekataa.

Nzau alimwomba. Alisema atauza pikipiki, ataenda kwa mjomba wake Kitui, atalia mbele ya kampuni. Alisema jela ya Makueni ameifanyia kazi, alitengeneza pampu yao ya kisima, anajua wanavyolala mle ndani. "Sitatoka huko nikiwa mtu," alisema, akaipindua ile picha kifudifudi mezani. Kavata aliogopa kupoteza nyumba. Aliogopa kumpoteza huyu. Na kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu, alimwogopa huyu pia.

Jumamosi alikwenda Malili.

Aliwaonyesha wachuuzi ile nakala. Wawili walitikisa vichwa. Wa tatu akaonyesha kwa kidevu mwanamke aliyeinua sinia la mayai ya kuchemsha kwenye dirisha la basi. Kitambaa kilikuwa kingine, lakini kovu lilikuwa lile lile. Kavata alisubiri basi liondoke.

"Nzisa?"

"Ngapi, mama? Na kachumbari?"

"Mimi ndiye Kavata."

Mwanamke alilitafuta jina kichwani. Alipolipata, sinia liliinama, yai moja likabingirika likaanguka kwenye lami. Hakuliokota.

"Umekuja na polisi?"

"Niko peke yangu."

"Niliambiwa wewe mwenyewe umekubali," Nzisa alisema haraka, akitazama kushoto na kulia. "Wallahi nilidhani nakusaidia. Walisema uko hospitali, huwezi kusafiri, ni mambo ya kukimbiza tu. Nikapewa elfu mbili. Mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo."

"Ulifanya hivyo mara moja tu?"

Nzisa alifunika mayai kwa kitambaa. Lori lilipita, likawapeperushia nguo wote wawili.

"Mara tatu," alisema. "Ya kwenu, na huko Emali, na mahali pengine tulienda na gari usiku sikupajua. Mara moja nilikuwa naitwa Ndinda. Hiyo nyingine nimesahau jina."

Kavata alikuwa amekuja na hasira aliyoibeba tangu Ijumaa, ameilinda njiani isimwagike. Sasa ilimponyoka. Aliona mwanamke anayeitwa Ndinda, mahali fulani, labda anachambua pojo wakati huo, labda ana tangi lake, bila kujua kwamba mwenye ndoo ya gundi yuko njiani.

"Njoo useme hivyo kwa wakili wangu," alisema. "Kwa upole tu. Sitakushtaki."

"Wewe hutanishtaki. Wale wengine je?" Macho ya Nzisa yalikuwa yamejaa. "Nina watoto wanne, dada. Nikifungwa wataenda wapi? Wacha nifikirie. Nipe namba yako."

Walipeana namba. Nzisa hakupiga, na yake ilipopigwa Jumapili ilikuwa imezimwa.

Jumatatu Kavata alisaini mbele ya Naila. Aliapa kwa jina lake kamili, akaeleza kila kitu pamoja na lile neno moja la Nzau. Alisaini polepole, kila herufi, kisha akaitazama sahihi yake kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Jioni alimwambia mumewe, "Nimeandika yote." Nzau alichukua blanketi akaenda kulala stoo, kati ya vipuri vya pampu za watu, na tangu hapo hawakusemezana.

*

Jumatano alikuja Kiema, mweka hazina wa kanisa, na mkanda wa kupimia kwenye mfuko wa koti. Alisalimu vizuri. Alisema pole kwa yaliyowapata. Akazunguka nyumba, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akatazama mbao za dari kupitia dirishani, mpaka chumbani walimolala.

"Mama Syombua, usinielewe vibaya," alisema. "Ikiwa itaenda, afadhali iende kwa ndugu kuliko kwa mgeni. Hili tangi, linaenda na nyumba?"

"Muulize dalali," Kavata alisema.

Alhamisi stoo ilikuwa tupu kulipopambazuka, na pikipiki haikuwapo. Kavata alijua Nzau amekimbia, na alipotafuta moyoni kama analaumu, alikuta amechoka tu.

Nje ya ofisi ya chifu walikuwapo watu kama arobaini, wanunuzi sita, Kiema akiwamo, na waliobaki wa kutazama. Dalali alikuwa na meza, rejesta na nyundo ndogo ya mbao. Muthama alisimama mbali kidogo, ameegemea gari lake, anaongea na simu. Saa nne na dakika hamsini Naila alipiga.

"Mama, faili iko mbele ya jaji lakini amri haijatoka. Jaribu kuwachelewesha."

"Nitawachelewesha na nini?"

"Sijui, mama. Na chochote."

Kavata alisogea mpaka mbele. Alisema mambo haya yako kortini. Dalali, bila ukali wowote, alimwomba amri; akasema hana; akaambiwa asimame kando basi, watu wana kazi zao. Mtu mmoja nyuma alicheka. Dalali akaanza kusoma maelezo ya nyumba, vyumba vinne, ploti nusu ekari, na kila alichokitaja Kavata alikiona kikibebwa.

Ndipo pikipiki ikaja, ikazimwa katikati ya watu. Nzau alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu ya mtoni; huko ndiko alikokuwa tangu alfajiri.

"Mimi ndiye niliyekopa," alisema.

"Mzee, kama huna amri ya korti, kaa kando."

"Sina amri. Niko na maneno." Akavua kofia. "Mke wangu ni huyu amesimama hapa. Kwa hizo karatasi zenu kuna picha ya mwanamke mwingine. Nilienda naye kwa wakili nikasema huyu ndiye mke wangu. Nilidanganya. Muthama ndiye alimleta, na mimi nilijua." Akamgeukia Kiema na wenzake, uso wake ukiwa umelowa jasho. "Mtu akinunua hii nyumba leo, amenunua kesi. Nitakuja mbele ya jaji niseme hivi hivi, hata kama nitatolewa hapo na pingu."

Hakuna aliyecheka. Polisi aliyekuwa mlangoni kwa chifu alitoa daftari mfukoni. Mlango wa gari la Muthama ulibamizwa, na injini ikawaka.

"Tunaendelea," dalali alisema. "Naanza na milioni tatu."

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mbili na nusu."

Kiema alikuwa ameshika bahasha. Aliigeuza, akaitazama, akairudisha ndani ya koti, akafunga kifungo.

"Milioni mbili na laki mbili. Chini ya hapo siwezi kuuza." Dalali aliinua nyundo kiasi, akangoja. Kavata aliutazama ule mkono tu, kifundo chake, saa yake ya bei nafuu. Mkono ulishuka taratibu, ukaweka nyundo mezani bila kugonga. Dalali akaandika kwenye rejesta kwamba hakuna mnunuzi.

Amri ya jaji iliingia kwenye simu saa sita na dakika arobaini, watu wakiwa wamekwisha kwenda. Ilizuia mnada wowote mpaka kesi isikilizwe. Naila alieleza kwamba deni liko pale pale, na kampuni haitalala. Yule polisi naye alimwambia Nzau afike kituoni Jumatatu na kitambulisho chake, akaandike maelezo. Alisema ni maelezo tu, lakini aliinakili namba ya pikipiki.

*

Jioni ile Kavata alipika ugali na sukuma wiki, akaweka sahani mbili. Nzau aliingia akaketi pembeni ya kiti, kama mgeni. Walikula kidogo. Gari lilipunguza mwendo karibu na lango, na wote wawili wakaacha kutafuna mpaka lilipoongeza tena na kupotea kuelekea barabara kubwa.

"Jumatatu ni saa ngapi?" Nzau aliuliza.

"Saa tatu."

"Utakuja na mimi?"

Kavata alikusanya makombo ya ugali kwa ncha ya kidole. Alifikiria kuhusu Ndinda, ambaye Naila alikuwa ameanza kumtafuta. Alifikiria lile neno moja, ndiyo, na jinsi mtu anavyoweza kulitamka bila kugeuka kutazama aliye kando yake.

"Nitakuja," alisema. "Lakini wakiniuliza, sitakufichia kitu."

"Usinifichie."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, Mama Syombua," Nzau alisema, akageuka akamtazama.